Neno Ambalo Luwam Hakulijua

Siku za Alhamisi Luwam alijifungulia mlango mwenyewe. Alivua viatu, akapasha moto shiro, mchuzi mzito wa dengu, aliyoachiwa na mama yake, akaila kwa mkate wa injera akiwa amesimama jikoni. Kukaa mezani peke yake kulimfanya asikie kila mlio wa nyumba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika nyumba ile ya mlimani, mjini Sheffield, waliishi wawili tu, yeye na mama. Baba yake alikuwa bado Kampala akisubiri karatasi za kuwafuata. Huo ulikuwa mwaka wa sita.

Mama yake, Abrehet, alikuwa mkunga. Kwa miaka mitano alikuwa amewafundisha kazi vijana ambao baadaye walipandishwa vyeo, wakawa wakubwa wake. Mwaka huo alichaguliwa kwenda London kila Alhamisi kwa mafunzo ya uongozi ya wauguzi na wakunga wanaotoka katika jamii za wachache. Kila mwanafunzi alitakiwa atafute jambo moja linalofanya wanawake fulani wapate huduma duni kuliko wenzao, kisha alirekebishe. Abrehet alikuwa na daftari jipya kwa kazi hiyo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bado mweupe.

Alhamisi moja mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, Letebrhan, aliyetoka nchi moja nao na hakujua Kiingereza, mwenye mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa kazini kwenye ghala, na yeye alikuwa na miadi ya kliniki saa kumi jioni.

"Nisindikize, mwanangu," alisema. "Mlima huu ukinishinda, unisukume kama toroli."

Kliniki ilimwahidi mkalimani, lakini mkalimani hakutokea, na simu ya wakalimani ilikuwa haishiki. Mkunga wa zamu alitazama saa, kisha akamtazama Luwam.

"Wewe unazungumza lugha zote mbili? Vizuri sana. Umetuokoa."

Luwam alijinyoosha kitini. Zilikuwa zimepita siku nyingi tangu mtu amwambie kwamba anahitajika.

Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Anakula vizuri? Mtoto anacheza? Kisha mkunga akapima presha, akakunja uso kidogo. "Imepanda, hata tukizingatia kwamba ametembea mlimani. Muulize kama kichwa kinamuuma, na kama macho yake yanaona vizuri."

Luwam akauliza. Letebrhan alijibu kwa kirefu. Kichwa kilikuwa kikimuuma, ndiyo. Kuhusu macho alitumia neno ambalo Luwam hakuwahi kulisikia. Luwam alikuja Uingereza akiwa na miaka minne, na Kitigrinya chake, lugha ya kwao, kilikuwa cha jikoni na cha kusalimia wageni. Letebrhan mwenyewe alikuwa akimtania kwamba kimekaa kwenye friji, kinahitaji kupashwa moto.

Wanawake wawili walikuwa wakimsubiri. Angeweza kusema, "Hili sikulielewa." Lakini mkunga alikuwa amekwisha kumsifu, na sifa ile ilikuwa bado tamu.

"Kichwa kinamuuma kidogo, amechoka tu," alisema. "Anaona vizuri."

Mkunga akaandika. "Basi apumzike, arudi baada ya wiki mbili."

Jioni mama alirudi na treni, macho mekundu kwa uchovu. "Kliniki ya Letebrhan ilikwendaje? Mkalimani alifika?"

"Alifika," Luwam alijibu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku iliyofuata shuleni alikula peke yake kwenye ngazi za nyuma. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Wenzake wangeuliza Kitigrinya ni nini, na yeye angeanza kueleza mambo mengine kabisa. Neno lile lilimzunguka kichwani siku nzima.

Jumamosi asubuhi, mama akiwa zamu hospitalini, baba alipiga simu. Baada ya salamu Luwam alilitamka neno lile kama alivyolisikia, akamwuliza maana yake.

"Ah, wewe, unalitamka kama padri wa Kitaliano," baba alicheka. "Ni vitu vinavyometameta mbele ya macho, kama cheche. Kwa nini, ni nani anayeviona?"

Luwam alikata simu bila kuaga. Mama alikuwa amemkataza kumpigia kazini isipokuwa kwa moto au damu. Alipiga hata hivyo, na mama alipopokea alisema yote kwa pumzi moja: neno lenyewe, mkalimani ambaye hakuja, uongo wa jioni ile.

"Nenda kwake sasa hivi," mama alisema kwa sauti ya kazini. "Mwambie alale kwa ubavu wa kushoto. Naita gari la wagonjwa."

Letebrhan alikutwa na presha ya juu mno, dalili za kifafa cha mimba. Siku hiyohiyo alipasuliwa, akapata mtoto wa kike mdogo aliyewekwa kwenye chumba cha joto. Madaktari walisema kuchelewa kwa siku moja zaidi kungeweza kuwaua wote wawili.

Abrehet hakumgombeza binti yake. Kwa Luwam hilo lilikuwa gumu kuliko kugombezwa. Kwa wiki tatu Luwam alivuka barabara kila alipokaribia mlango wa Letebrhan. Nyumbani alijibu maswali kwa neno moja moja.

Kisha mama akaketi kitandani kwake na lile daftari. "Nimepata jambo langu," alisema. "Lakini siwezi kulisema bila kukutaja wewe. Ukikataa, nitatafuta jingine."

Luwam alilivuta daftari karibu. "Sema," alisema. "Na nije nisikilize."

Mkutano wa kuliwasilisha jambo hilo ulifanyika wakati wa likizo. Luwam alikaa nyuma na kumwona mama yake amesimama mbele ya wakuu wa hospitali, karatasi mkononi. Alieleza jinsi wanawake wasiojua Kiingereza wanavyosemewa na watoto na waume zao, na jinsi maneno mengine yanavyopotea njiani. Kisha akasimulia kisa chenyewe.

Mkuu mmoja, Bwana Pritchard, alivua miwani. "Kwa hiyo, kwa kweli, kosa lilikuwa la mtoto."

Uso wa Luwam ukawaka. Mama yake aliiweka karatasi mezani.

"Mtoto wangu alikosea kusema anajua," alisema. "Sisi tulikosea kumwuliza."

Ilichukua miezi mitatu na mikutano mingine minne, lakini kanuni ikapitishwa: mtoto asitumiwe tena kuwa mkalimani. Kila chumba cha kliniki kiliwekewa simu ya wakalimani, na mkalimani akikosekana, mkunga amfuate mjamzito nyumbani kesho yake pamoja na mtu anayeijua lugha. Abrehet ndiye aliyepewa kuisimamia kazi hiyo, kwa cheo kipya.

Jumapili moja alimshika Luwam mkono, wakagonga mlango wa Letebrhan. Kahawa ilikuwa ikikaangwa. Luwam alisimama mlangoni, hakujua aanze vipi.

"Shangazi, nilikudanganya," alisema mwishowe. "Nisamehe."

Letebrhan aliendelea kutikisa kikaango. "Nililia sana kwa kukuhurumia na kwa kukukasirikia," alisema. "Lakini siku ile uso wako ulibadilika, nami nikauona, nikanyamaza. Niliona haya kukuuliza kama umenielewa. Kaa, mbona umesimama kama mkusanya kodi?"

Akampakatisha mtoto. Alikuwa mwepesi kama mkate. Luwam alikaa bila kujongea, machozi yakimtiririka.

Mama aliketi karibu naye. "Miezi hii yote walikuwa wakinifundisha kuongoza," alisema taratibu. "Nilidhani kiongozi ni yule mwenye majibu. Sasa najua ni yule anayethubutu kusema 'sijui' mapema, kabla mwenzake hajaumia, na akikosea anarudi kusema ukweli hata kama yuko peke yake. La kwanza lilikushinda, mwanangu. La pili uliliweza, na ndilo lililowaokoa hawa wawili."