Kadi ya Kiti

Kinyozi rafiki yangu huwadharau wanaobadilishana kadi za mchezo wa mtandaoni kwa uangalifu.

"Mkague kwanza huyo mtu, kaka," dada yake alimwambia saluni, mgeni mmoja alipoomba kwenye simu wabadilishane kadi.

"Kukagua ni kazi ya waoga. Nikizubaa, nitawahiwa."

Dada akasonya, akatoka, akashusha mlango wa chuma kuzuia vumbi. Kinyozi akabonyeza kukubali, kadi yake adimu ya joka ikaenda. Hapohapo umeme ukakatika, giza likawa totoro.

Kadi aliyopokea ilionyesha kiti chake cha kunyolea, mzee mwenye mvi amekikalia.

"Upuuzi mtupu."

Nyuma yake kiti kikalia kwii, kama kinavyolia kikikaliwa. Kisha mashine ya kunyolea ikaanza kunguruma, umeme bado haupo.

Taa ziliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni kulikuwa na nywele nyeupe. Alipozigusa, zilikuwa bado na joto.