Gunia la Shule na Dhoruba ya Maharamia

Kila Jumamosi ya Oktoba Nasike aliijua kazi yake hata kabla ya kunawa uso. Alitandaza turubai uani, akamwaga mahindi yaliyopukuchuliwa, kisha akayageuza kwa miguu mitupu, akienda na kurudi mpaka nyayo zikamwasha. Mji wao, uitwao Kwanza, ni mji wa mahindi, na msichana wa Gredi ya Sita hana pa kujificha msimu wa mavuno.

Jumamosi hii kazi ilikuwa na uzito wake. Mahindi hayo yalikuwa ya shule. Kila mzazi alitakiwa kupeleka gunia dogo ili wanafunzi wapikiwe githeri, mahindi na maharagwe, mchana, na zamu ya mama yake ilikuwa Jumatatu.

Lakini mawazo ya Nasike yalikuwa baharini. Likizo ya Aprili, binamu yake Hillary alikuwa amemwonyesha sinema ya maharamia kule Bungoma. Iliisha nahodha, mwanamke shupavu, akizama huku ameiuma ramani ya hazina. Tangu siku hiyo Nasike alikuwa akiandika maswali nyuma ya daftari lake la hisabati. Kwa nini haramia afunike jicho lisilouma? Nanga ina uzito wa magunia mangapi? Na swali lililomsumbua kuliko yote: watu wasio na shamba wala duka wanakula nini kwa miezi mitatu?

Saa sita mchana Hillary akafika na kompyuta yake, na ndani yake sehemu ya pili ya sinema ile. Mama alikuwa akijiandaa kwenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Alimkaribisha Hillary, akampa chai, kisha akautazama Mlima Elgon, ambako wingu zito lilikuwa limekaa.

"Nasike, sinema haitaoza," alisema. "Mahindi yataoza. Hilo wingu likisogea, anua."

Nasike aliahidi, na aliahidi kwa moyo wote. Walifunga mapazia ili picha ionekane vizuri, wakaweka kompyuta juu ya stuli, Hillary akaunganisha spika yake mpya. Mara mbili Nasike alitoka nje kuliangalia wingu. Mara ya tatu hakutoka, kwa sababu nahodha alikuwa hai. Kumbe alikuwa ameng'ang'ania pipa tupu siku mbili nzima! Nasike alipiga makofi peke yake. Mpishi wa meli alipigana na maadui watatu kwa mwiko, nahodha akaruka kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, na Nasike akasahau kama ana miguu.

Kisha dhoruba ikaja. Mawimbi yalipanda, radi ikapasuka, mvua ikapiga sitaha kwa nguvu mpaka Nasike akahisi nyumba nzima inanyeshewa.

"Sikia hiyo sauti, bana," Hillary alisema, akiipapasa spika yake. "Ni kama uko ndani ya meli."

Kwenye skrini dhoruba ikatulia. Jua likatoka, mabaharia wakaanza kukamua mashati yao. Mvua iliendelea kunyesha. Hillary alimtazama Nasike, Nasike akatazama juu kwenye mabati.

Walipofika uani, nusu ya mahindi ilikuwa ikiogelea. Waliyakusanya mbio mbio, wakayaingiza stoo, penye gunia la shule.

"Weka hizi zimelowa chini, hizo kavu juu," Hillary alisema. "Ati nani atachimba mpaka chini?"

Nasike alijua si sawa. Akafanya hivyo hivyo.

Walirudi kumalizia sinema, na hapo swali lake likajibiwa. Maharamia walikula biskuti ngumu zilizowekwa kwenye mapipa. Siku upepo ulipokataa na njaa ikaingia, mpishi alifungua pipa la mwisho. Juu biskuti zilikuwa nzuri. Chini zilikuwa kuvu tupu, kwa kuwa baharia mmoja aliliachia pipa likaingia maji, akanyamaza. Hillary alicheka alipoona wanavyomkimbiza baharia huyo. Nasike aliangalia mlango wa stoo.

Jioni mama alilikuta gunia limefungwa, akamsifu Nasike. Sifa hizo zilimuuma kuliko kukaripiwa. Jumapili alipotoka kanisani aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Chini kulikuwa na joto, kama chini ya kuku anayeatamia. Mahindi yanatoa wapi joto? Alitamani kuuliza, ila kuuliza kungekuwa kujitaja.

Jumatatu asubuhi mama alilipeleka gunia shuleni, Nasike akiwa kando yake. Mpishi wa shule, mama wa rafiki yake Cherono, alikuwa na kipimo chake. Alitia chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akaongeza konzi ya mahindi, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana maji. Alichota juu ya gunia, akatikisa, chumvi yote ikaanguka chini. Alisema ni safi, lipelekwe stoo.

Cherono alipita akimpungia Nasike mkono. Akilini Nasike aliona waziwazi sahani ya Cherono, na sahani za darasa zima.

"Mama Cherono, pima ya chini," alisema.

Mama aligeuka. "Kwa nini ya chini?"

"Yalinyeshewa nikitazama sinema. Hillary alini..." Nasike alijikatiza. "Ni mimi niliyaficha, Mama."

Gunia likamwagwa. Safari hii chumvi ilinata chupa nzima. Mama aliinamisha uso mbele ya watu, na Nasike akalia.

Mama Cherono hakumgombeza. Alisema sumu ya kuvu haitoki hata ukichemsha mahindi kutwa, nayo ingewaumiza watoto wengi. Nasike akafuta machozi, akauliza kwa nini yalikuwa na joto.

"Hata ukilia unauliza," mama alisema, na uso wake ukalegea.

Mpishi alieleza kuwa nafaka iliyolowa hupumua, na kuvu ikianza kazi hutoa joto. Yaliyolowa yalitupwa, hata kuku hawakupewa. Nasike alipukuchua mengine wiki nzima baada ya shule.

Jioni ya Jumatatu hiyo mama alimwambia, "Kunyeshewa si mwisho, tungeyaanika tena siku ileile. Kuficha ndiko kungeleta ugonjwa. Ukikosea sema mapema, turekebishe pamoja."

Jumamosi iliyofuata mama alivua viatu, akaingia kwenye turubai kugeuza mahindi pamoja naye. Walikwenda na kurudi.

"Na huyo nahodha," mama akauliza, "si alizama na ramani? Alitokaje?"

Nasike aliutazama kwanza Mlima Elgon. Hakukuwa na wingu. Ndipo akaanza kusimulia.