Aliyeita Majina Kisimani

Kundi la mwisho siku ile lilikuwa la watu kumi na wawili, waumini wa parokia moja ya Ferrara, waliokuja kuutembelea mji wa Roccalvenna kule kilimani. Miguu ilishawawaka moto kwa kupanda vichochoro. Ersilia Baldoni, mwongoza wageni, aliwazungusha kanisani, akawapitisha kwenye ukuta wa kale, na jua lilipokuwa linazama nyuma ya milima akawafikisha kwenye mlango wa chuma wa Kisima Kikuu.

Mzee Gaspare, mlinda mlango, alichana tiketi zao kivivu.

"Wee Ersilia, leo usinikalishe. Mke wangu keshainjika dengu."

"Dengu zitakungoja, mzee. Mkeo ndiye sina hakika."

Wageni wakacheka. Wakashuka ngazi mia na kumi na nne, zikizunguka na kuzunguka, hadi chini kwenye maji meusi na harufu ya jiwe bichi. Hapo Ersilia akaanza kisa alichokisimulia miaka ishirini na miwili. Mwaka wa tauni, mkunga Domitilla alitia sumu majini. Watu wakamsukumia humu, wakafunga mlango. Na kama kawaida yake, Ersilia akatia chumvi:

"Siku tatu aliulaani mji huu. Laana juu ya laana!"

"Hakulaani."

Sauti ilitoka nyuma ya kundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la kahawia, mikono kaificha kwapani kwa baridi. Ersilia hakukumbuka kumwona kule juu, lakini hakujali. Hakuna kundi lisilo na mjuaji wake.

"Alifanya nini basi, mama?"

"Aliita majina." Alisema kwa kunong'ona, ila kisima kizima kilimsikia. "Majina ya wale aliowapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Mmoja mmoja. Walikuwa hapo juu, nyuma ya mlango. Walimsikia."

Tone la maji... Tone jingine.

"Wewe ungemfungulia?"

Ersilia akacheka, wageni wasije wakaogopa. "Mimi? Mara moja!"

"Vema," akasema yule mwanamke.

Walipotoka, Gaspare aliwahesabu. Kumi na wawili. Akafunga mlango kwa ufunguo, na basi la wageni likatokomea kwenye ukungu uliokuwa unapanda kutoka bondeni. Ndipo simu ya Ersilia ikalia. Alikuwa Nives, binti yake, mjamzito wa mimba ya kwanza, yuko nyumbani peke yake.

"Mama, uchungu umeanza. Mkunga kakwama huko chini, haoni barabara."

"Nakuja, mwanangu. Nakuja sasa hivi."

Akageuka aondoke.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ndani ya mlango wa chuma.

"Ersilia..."

Uso wa Gaspare ulikuwa umepauka kama unga. "Twende zetu," akanong'ona.

"Mzee, tumemfungia mtu! Yule mama mwenye koti!"

"Nimechana tiketi kumi na mbili. Wametoka kumi na wawili. Mama mwenye koti hakuingia hapa." Akamshika mkono. "Huwa anaita, Novemba kama hivi. Baba yangu alilinda mlango huu, akamsikia. Nami namsikia. Hatufungui."

"Na kama umekosea? Mtu afie humo kwa baridi?"

Gaspare akaubana ufunguo kifuani.

"Ersilia... ulisema mara moja."

Akampokonya ufunguo. Chuma kikalia. Mlango ukafunguka.

Hapakuwa na mtu.

Baridi tu ndiyo iliyompita begani, upesi, kama mtu mwenye haraka ya kwenda kazini.

Ersilia akatimua mbio. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, njia aliyoijua tangu utotoni. Lakini ukungu ulikuwa mzito, na chemchemi ya uwanjani akaipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu... Alipopapasa hatimaye mlango wake, kengele ya kanisa ilikuwa inagonga saa mbili usiku.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kimya.

"Nives?"

Nives alikuwa kitandani, nywele zimechanwa vizuri, mtoto kifuani.

"Mama! Asante kwa kumleta yule mkunga."

"Mkunga gani?"

"Si huyo wa koti la kahawia? Mikono yake ilikuwa ya baridi, mama, kama barafu! Lakini maumivu hata sikuyasikia. Nikamuuliza tumpe nini. Akasema hataki kitu. Jina la mtoto tu."

"Ukamtajia?"

"Ndiyo. Ginevra. Hata baba yake sijamwambia bado." Nives akamtazama. "Nimefanya vibaya?"

Mkunga wa kweli alipofika baadaye, alikagua kitovu akakunja uso. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa katani. "Kazi safi," akasema. "Ila fundo hili nimeliona kwenye michoro ya zamani tu. Nani siku hizi anafunga hivi?"



Asubuhi Gaspare alisimama mlangoni, kofia mkononi. Hakutaka kuingia.

"Mmepata mtoto wa kike."

"Ndiyo, mzee."

"Anaitwa Ginevra."

Ersilia akashika fremu ya mlango. "Nani kakuambia?"

Mzee akatazama kichochoro kinachoshuka kuelekea kisimani.

"Zamani aliita majina mengi," akasema polepole. "Tangu alfajiri anaita hilo moja."

Ersilia alifunga mlango, akapiga komeo. Akasikiliza. Hakusikia chochote, ila sauti ya binti yake chumbani, akibembeleza:

"Unatazama nini huko, Ginevra? Eh? Nani yuko dirishani?"