Gauni la Aliyekaa Juu ya Kreni

Vipimo vilikuwa vya mtu asiyekuwepo. Mshonaji alikisoma mara mbili kikaratasi alicholetewa na mumewe: kiuno chembamba kama cha nyigu, mikono ya kufika magotini. Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, hajawahi kukata mkono wa urefu ule.

"Ni wa nani?"

"Shona tu, mama watoto. Utamjua."

Akajua ni hawara. Alishona meno yameumana, na alishona vizuri, kwa kuwa hakuzoea kuharibu kitambaa hata cha adui. Wapo wanaosema aliacha sindano kwenye pindo. Waongo hao, kisa hiki niulizwe mimi.

Jumamosi asubuhi mume, mwendesha kreni bandarini, mtu ambaye hajawahi kumnunulia mkewe hata soda, alilitandaza gauni lile kitandani.

"Vaa. Leo nakutembeza mjini."

Mikono ilining'inia kupita vidole, kiuno kikambana. "Litakukaa," alisema mume, macho dirishani. Mke akacheka, huku machozi yakimlengalenga kwa aibu ya kumshuku bure.

Walianzia kwenye mnara wa taa. Wakapita jumba la makumbusho, wakazunguka bandari kwa boti ya watalii, polepole, kama watu wasio na watoto wala madeni. Mwanamke alitaka kushika kila kitu: kuta, vyuma vya ngazi, matunda ya wachuuzi. Ndani ya boti aliona mikono ya gauni imepanda hadi kwenye ncha za vidole. Kitambaa hakijaguswa na maji, kimerukaje? Kisha akasikia harufu ya grisi na kutu, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Lile ghala paa lake lina mabati mawili mapya, nyuma ya tangi."

Hajawahi kufika pale. Wala paa halikuonekana kutoka majini.

Mume hakumuuliza amejuaje. Hilo ndilo lililomtia baridi.

Saa saba mchana waliketi kwenye mgahawa wa vitambaa vyeupe unaotazama gati. Ikaja supu ya kaa, ikaja samaki wa kuchoma, na mwanamke alikula, akala kuliko alivyowahi kula, na kila alipomeza alisikia masikioni mluzi wa upepo unaopita kwenye nyaya, upepo ambao haukuyumbisha hata pazia moja mle ndani, na alipojitahidi kuweka uma chini aliuona mkono wake ukirefuka mezani, taratibu, bila maumivu, mpaka gauni likamkaa sawasawa begani, kiunoni na kwenye kifundo cha mkono, likamkaa kama lilivyopimwa.

"Baba watoto," alinong'ona. "Nani yuko ndani yangu?"

Mume akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Ni mmoja aliyekaa kule juu kwenye kreni tangu nianze kazi. Ananiongelesha masikioni kwa mluzi wa upepo. Miaka yote anautazama mji kutoka angani, akatamani kuutembea na kula vya watu. Akasema nikimpa mwili, ataniacha."

"Akanitaka mimi?"

"Hapana. Alisema yeyote."

"Kwa hiyo ni wewe uliyenichagua."

"Ni wewe peke yako ambaye ungekuja bila kuuliza."

Mwanamke hakulia. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mteja aliyekana kitambaa chake mwenyewe. Kisha akafumba macho, midomo ikicheza, kama anayeongea na mtu aliye karibu sana. Mhudumu alileta maandazi ya asali. Mwanamke akayala yote, akalamba vidole vile virefu.

Mluzi ukanyamaza masikioni mwa mume. Akavuta pumzi ya raha, akainuka aondoke.

"Kaa kwanza," alisema mkewe, na sauti zilikuwa mbili, moja yake, nyingine ya upepo. "Tumeongea, mimi na mwenzangu. Yeye kashuka. Na pale juu hapakai patupu."

"Mke wangu, tafadhali. Tusifike huko."

"Ulimwonea huruma kwa upweke, sivyo? Basi kamshikie nafasi."

Miguu ya mume ikatoka mlangoni kabla yake. Watu wa gati walimwona akipanda ngazi ya kreni na viatu vyake vya matembezi, akilia, akiomba ashikwe, na waliomshika walikuta wamebaki na koti mikononi.

Jioni msimamizi wa bandari alikuja mgahawani akihema. "Mama, mumeo hashuki. Anasema kuna kitu kimemshika miguu. Njoo umwite, labda wewe atakusikia."

Mwanamke alitazama dirishani, juu kabisa, kwenye kibanda cha vioo cha kreni, ambamo kiganja kilikuwa kikipiga kioo, kikipiga.

"Ananisikia," alisema. "Tunamnong'oneza tangu saa tisa."