Kaburi Lililokingama

Jiwe lilikuwa jipya, limeoshwa asubuhi ile ile, lakini nzi walikuwa wamelijaa kama nyama buchani.

"Verlene, dada yangu," Dorsey alicheka, akiwapunga kwa kofia, "babu yako huyu ananuka."

"Babu yetu. Na ukome, mlafi we! Hao wamefuata mafuta ya kuku yaliyokujaa mikononi."

Kwetu huku milimani Kentucky, kila Mei ukoo hukusanyika makaburini. Tunafyeka majani, tunapanga maua, tunakula palepale kuku na mkate wa mahindi, halafu majina ya marehemu yanasomwa kwa sauti, kuanzia wale wa kwanza waliovuka milima na bunduki zao. Kila jina likitajwa, walio uzao wake hujibu: "Wake tupo." Na wafu wetu wote tumewalaza kichwa magharibi, ili siku ya kufufuliwa wakiinuka walione jua. Wote isipokuwa mmoja. Huyo alilazwa kukingama, kaskazini kwa kusini, na juu yake pakawekwa jiwe la mtoni lisilo na herufi hata moja.

Mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Verlene alijiuliza nani. Ndiyo maradhi ya wachimba nasaba, hawaoni pengo wakalala. Miaka nenda rudi alizunguka mahakamani na makanisani akimtafuta baba wa ukoo wetu wa Haskew, na alipogundua kwamba ni Jubal Haskew, na kwamba Jubal ndiye yule aliyekingama, alifurahi kama aliyejifungua. Akamchongea jiwe hilo jipya, lenye jina lake.

"Jina umelijua. Alichofanya je?" shangazi yake Ozella alimnong'oneza, amemshika mkono. "Alimkatakata ndugu yake kwa shoka, na mke wa huyo ndugu, na watoto wao, kisa mpaka wa shamba. Wazee walimlaza hivyo asijue pa kuamkia. Jina nalo wakalizika. Usilitaje, mwanangu, nakuomba."

"Ya kale hayo, shangazi. Aliyekufa kafa."

Haya. Asiyesikia la mkuu. Alisimama mbele ya watu wote, jua la adhuhuri likiwaka, akatamka: "Jubal Haskew."

Hakuna aliyejibu. Kisha chini ya miguu yao ikasikika ko, ko, ko, kama mtu anapasua kuni, na harufu ya damu mbichi ikapanda kutoka majanini. Na Royce, mwana wa pekee wa Verlene, kijana mpole ambaye hata kuku hakuweza kumchinja, aliinuka kando ya mkewe Tamsin, mwenye mimba pevu, akajibu kwa sauti nzito ya kizee:

"Nipo mwenyewe."

Akaokota shoka lililoletwa kukatia vichaka.

"Mpwa wangu, acha mzaha bwana," Dorsey alimwambia huku bado anacheka, na shoka likamwingia shingoni kicheko hakijaisha, likachomolewa, likaingia tena, damu ikarukia sahani na vitambaa vya meza na nyuso za watoto, watu wakakimbia wakikanyagana juu ya makaburi waliyotoka kuyapamba, na Royce hakumfuata hata mmoja wao, aligeuka taratibu kama mtu aliyekumbuka kazi aliyoiacha nusu, akamwendea Tamsin aliyekuwa akijiburura kwa makalio akilia, "Mume wangu, ni mimi, huyu mtoto wako!"

"Hakuna atakayezaa ndani ya mpaka wangu," ilisema ile sauti.

"Vunja jiwe!" Ozella alipiga ukelele. "Verlene! Livunje jina!"

Nyundo kubwa iliyotumika kusimikia jiwe ilikuwa bado palepale. Verlene akapiga. Herufi ya kwanza iliruka, na mbavu za Royce zikalia kama kijiti kinachovunjwa. Royce alimgeukia, na kwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni, akasema, "Mama, unaniumiza."

Verlene akasita. Jamani, mama gani asingesita? Lakini papo hapo shoka likapanda juu ya tumbo la Tamsin.

Akapiga. Alipiga akilia, akimwita mwanawe kwa kila pigo, na kila kipande kilichoruka kilivunja kitu ndani ya mwili ule, bega, taya, fuvu, mpaka jiwe likawa kokoto na Royce akaanguka, hapumui tena.

"Pepo kafungiwa ndani yake," Ozella alisema walipokuwa wakimfunika. "Ukimpa jina, umempa mlango."

Basi Royce amezikwa kukingama, kaskazini kwa kusini, chini ya jiwe la mtoni. Verlene alilichagua mwenyewe. Kila Mei husoma majina yote, na la mwanawe halitaji.

Juzi binti wa Tamsin, sasa mkubwa wa kuuliza, alimvuta sketi.

"Bibi, hapa kalala nani?"

"Sijui, mjukuu wangu. Jiwe tu hilo."

Mtoto akachuchumaa, akabandika sikio chini.

"Bibi," akasema, "mbona anapasua kuni?"