Maji ya Siku Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Felista alifagia uwanja wa nyumbani kwao Ngonga, wilayani Kyela, kisha akamsaidia mama yake kutandaza turubai la kuanikia kokoa. Turubai lenyewe lilikuwa limejaa matundu. Mama, mjane aliyelima kokoa na mpunga peke yake, alikuwa amejinyima misimu miwili ili ajengewe sakafu ya zege ya kuanikia.

Walikuja mafundi wawili. Dickson alikuwa na maneno matamu. "Mama, hii ni kazi ya siku moja. Keshokutwa unaanika!" Ambilikile, mtu mpole asiyependa makuu, alisema, "Mama Felista, usinipe kazi bado. Nenda kwanza Katumba Songwe ukazione sakafu zangu."

Mama alikwenda. Alizikwangua kwa ufunguo, akawauliza wenyewe zimedumu kwa muda gani, akarudi ameridhika na kumpa kazi.

Ambilikile alichekecha mchanga, akapima saruji na kokoto kwa ndoo, wala hakulizidishia zege maji ili kujirahisishia kazi. Alipomaliza, aliifunika sakafu yote kwa majani ya migomba, akamwita Felista.

"Binti, mimi nimefanya nusu. Nusu iliyobaki ni yako. Kwa siku saba, asubuhi na jioni, mwagilia kote. Zege changa likikaushwa na jua hili la Oktoba, hugeuka unga. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Siku mbili za kwanza alifanya kama alivyoagizwa. Siku ya tatu, Doreen, rafiki yake, alimkuta njiani na ndoo kichwani.

"We Felista, unamwagilia mawe?" Doreen aliangua kicheko. "Au unasubiri yaote mchicha? Twende, leo mwalimu anachagua timu ya mpira wa pete!"

Felista alikwenda, akachaguliwa. Jioni, kabla mama hajarudi kutoka shambani, alimwagilia sehemu ya mlango wa jikoni tu, pale mama alipozoea kupita. "Umemwagilia?" mama aliuliza. "Nimemwagilia, mama." Mazoezi ya timu yakaendelea, naye alijibu hivyo hadi siku ya saba.

Wiki tatu baadaye, mama alipofagia sakafu, ufagio uliinua vumbi la kijivu. Nyufa zilitambaa katikati. Kokoa ya kwanza iliyoanikwa hapo ilijaa mchanga, na mnunuzi akaikataa mbele ya watu.

Ambilikile aliitwa. Alichuchumaa, akachukua msumari. Mlangoni msumari uliteleza; katikati ulizama kama kwenye udongo mkavu.

"Mama Felista," alisema taratibu, "zege ni lile lile, lililomwagwa siku moja. Hapa limekunywa maji. Pale halikunywa."

"Mwanangu alimwagilia asubuhi na jioni!" mama alifoka. "Kazi imekushinda, sasa unamsingizia mtoto?"

Fundi alimtazama Felista. Felista alitazama chini. Fundi akauweka msumari mfukoni, akaondoka.

Jumapili, nje ya kanisa, mama alimweleza kila aliyemuuliza kuwa Ambilikile amemharibia sakafu. Habari zilifika Matema, ambako Ambilikile alikuwa ameahidiwa kujenga msingi wa nyumba ya wageni, kazi ya mwaka mzima. Kazi hiyo akapewa Dickson.

Felista aliposikia hayo, aliacha chakula chake. Alimfuata mama jikoni, akasema yote: mpira, maji ya mlangoni, uongo wa siku tano. Mama hakumpiga. Aliketi juu ya kigoda na kujifunika uso kwa khanga. Jambo hilo lilimuumiza Felista kuliko fimbo.

Walimkuta Ambilikile akilima kibarua katika shamba la mpunga la jirani. Mama alipiga magoti matopeni.

"Kaka, nimelichafua jina lako bure. Nisamehe."

"Ndaga, asante mama, inuka. Nimesikia." Alijifuta jasho. "Lakini walioniona fundi mbaya hawapo hapa."

Mama alirudi kanisani, akasimama mbele ya watu na kukiri kosa. Kisha akasafiri hadi Matema. Wengine walimsikiliza, wengine walicheka wakisema anamtetea ndugu yake. Msingi wa Matema ulikuwa umekwisha kuanza.

Hata hivyo, Ambilikile alikuja. Alivunja katikati ya sakafu, akamwaga zege jipya, akalifunika kwa majani. Felista aliacha timu. Kwa siku saba alichota maji kisimani, akamwagilia kila pembe hadi mabega yakamwaka moto. Siku ya nane fundi alikwangua kwa msumari wake. Uliteleza.

"Imekuwa imara," alisema, akaanza kufunga vifaa vyake. Alikuwa anahama, kwani Kyela hakuna aliyemwita tena.

"Baba, watu watajua ukweli," Felista alisema huku akilia. "Watakuita tena."

Ambilikile alipangusa mwiko wake. Mama ndiye aliyejibu, akimshika mwanawe bega.

"Sakafu tumeweza kuivunja na kuimwaga upya, mwanangu. Jina la mtu hatuwezi. Tulitafuta fundi mwaminifu, tukampata, lakini sisi wenyewe hatukuwa waaminifu kwake. Wewe ulidanganya, nami nikamhukumu kabla sijauliza. Ukikabidhiwa nusu ya kazi ya mtu, umekabidhiwa na jina lake."

Fundi alitia mwiko wake kwenye begi, akawaaga, akashika njia ya stendi. Felista alisimama juu ya sakafu ngumu akimtazama hadi alipopotelea kwenye migomba.