Sauti ya Kaunta

Asubuhi ile viyoyozi vya hoteli viligoma vyote kwa pamoja, utadhani vina chama chao cha wafanyakazi. Ukumbi ulifurika wageni wa mkutano, kila mmoja akijipepea kwa alichonacho. Nyuma ya kaunta ya mapokezi alisimama binti wa watu, sketi ya buluu, blauzi nyeupe, na skafu iliyomkaba shingo kama ina kinyongo naye. Mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu na ngazi begani. Binti alikuwa amesema maneno yaleyale mara nyingi mno, hata hakuinua macho.

"Karibu sana. Ungependa chumba cha kitanda kimoja au viwili?"

Kijana akaitazama ngazi yake. "Kimoja, dada. Mimi na huyu tumezoea kubanana."

Wageni wakacheka. Binti naye akacheka, kicheko kilichomponyoka puani, kisichofundishwa kwenye semina yoyote ya huduma kwa wateja. Fundi alikisikia. Tangu siku hiyo, viyoyozi vya hoteli ile vikawa vinahitaji kukaguliwa kila wiki, hata vile vilivyokuwa vizima.

Simu zikaanza. Binti alikuwa anaishi na mama yake chumba kimoja, pazia katikati, kwa hiyo mapenzi yake yote aliyafanyia uani, amekalia ndoo aliyoipindua.

"Umekula, Mapokezi wangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nitakulaje? Leo nimepita pale umenisalimia kama mzee wa chumba cha juu anayeulizia taulo."

"Bosi alikuwepo, bwana! Ile ni sauti ya kaunta. Siyo yangu."

"Basi niahidi kitu kimoja. Usije ukaongea na mimi kwa sauti ile. Hata ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa sauti yako."

"Nenda zako huko!"

"Naam! Hiyo hiyo."

Ahadi huwa rahisi ukiwa umekalia ndoo. Kazini mambo yalikuwa mengine. Bosi wao walimwita Bwana Tabasamu, kwa kuwa aliwaamuru watabasamu kutwa nzima ilhali meno yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuyaona. Kukaa marufuku. Simu ya mkononi inafungiwa kabatini. Simu ya kaunta ni ya wageni. Na kaunta haiachwi bila mtu, hata paa liwake moto. Kuna mwenzao alipiga soga na mchumba wake kwenye simu ile ya kaunta. Kabla ya chakula cha mchana kibarua kikawa kimeota nyasi. Binti angethubutu vipi? Dawa za presha za mama yake zilitoka kwenye mshahara ule ule. Akasimama, akatabasamu, akaishi humo ndani ya ubao na kioo kama samaki wa mapambo.

Kisha fundi akapata kazi ya kufunga viyoyozi katika hospitali mpya, mbali, safari ya siku mbili. Mkataba wa mwaka mzima.

"Kesho gari litanichukulia pale duka la vipuri, ng'ambo ya hoteli yenu," alimwambia. "Ukitoka zamu uje. Nina swali."

"Uliza sasa hivi."

"Swali hilo linataka uso."

Kesho yake adhuhuri, binti amekwisha kunyoosha skafu tayari kutoka, taarifa ikaja: mwenzake wa zamu ya mchana ana homa, haji. Hapo hapo, simama tena mpaka jioni. Kupitia mlango wa kioo alimwona fundi ng'ambo ya barabara, shati la kijani lililopigwa pasi, anatazama saa, anamtazama yeye. Dereva wa pikapu akapiga honi. Fundi akatoa simu. Simu ya kaunta ikalia.

"Mapokezi, habari za mchana. Nikusaidie nini?"

"Mpenzi, ni mimi. Wananiacha hawa. Nilitaka uwe karibu, lakini nakuona, inatosha. Utakubali nikuoe?"

Bwana Tabasamu alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, sikio kalitega kama bakuli. Kwa aliye ng'ambo, nguzo ile ilimficha mzima mzima.

Moyo wa binti uliruka, mdomo ukafanya kile ulichozoea. "Asante sana kwa kupiga simu. Ombi lako tumelipokea, na tutakujulisha." Akatabasamu, meno yote nje.

Fundi akamkazia macho kupitia kioo. "Na unatabasamu. Haya, dada. Nimejulishwa."

Simu ikakatika.

"Nani huyo?" akauliza Bwana Tabasamu.

"Mgeni."

Ng'ambo, fundi alikuwa akifunga mizigo kwa kamba bila kugeuka. Mama mmoja mwenye kofia pana akagonga kaunta. "Binti, mto wangu mgumu kama tofali." Nyuma yake mzee anataka nywila ya intaneti. Nyuma ya mzee, familia nzima na masanduku. Pikapu ikaanza kuunguruma.

Binti akageuka. "Bosi, kaunta haiachwi bila mtu, siyo?"

"Ndiyo sheria."

"Basi leo mtu ni wewe." Akamtia mkonga wa simu mkononi, akafungua kimlango cha pembeni.

"We binti! Kazi huitaki?"

"Mama huyu anataka mto laini. Tabasamu, bosi!"

Alitoka mbio pekupeku, maana viatu alikwisha kuvivua chini ya kaunta, siri ya kila asimamaye kutwa. Lami ilimfanya arukeruke kama kuku aliyekanyaga makaa.

"Simama, mjinga wewe! Mtu anaoa kwa simu ya kazini? Bosi yuko nyuma ya nguzo ananisikiliza mpaka pumzi, na wewe unakata simu, unafunga kamba!"

Fundi, aliyekuwa juu ya mizigo, akagonga paa la gari. Likasimama. "Endelea," akasema.

"Niendelee nini?"

"Kunitukana. Nilikuwa naisubiri hiyo sauti."

"Ndiyo!" Machozi yakamtoka. "Jibu ni ndiyo. Lakini siwezi kwenda na wewe, mama ananitegemea. Na sijui kama bado nina kazi."

"Mwaka ni mrefu, mpenzi."

"Kwako wewe. Mimi kusubiri nimesomea."

"Shemeji, tunachelewa!" dereva akapaza sauti.

"Shemeji? Hata chai hujanywa kwetu!"

Fundi akavua kandambili zake, akazirusha miguuni pake. "Vaa, usiungue. Huku juu sitembei." Gari likaondoka, naye anapunga nyayo badala ya mikono.

Binti akavuka barabara, kandambili zinamzidi kwa kiganja kizima. Ndani ya kioo Bwana Tabasamu alikuwa amezingirwa, tai begani, mto kwapani, anamwita kwa mikono yote miwili.

"Nakuja, bosi," akasema, wala hakuongeza mwendo.